Theo Angelopoulos: ya kujua kabla hujaanza kumfuatilia

Naandika haya kwa vijana wa filamu wanaoniuliza waanzie wapi na Theo Angelopoulos, mwongozaji wa filamu wa Ugiriki. Wakishasikia kwamba nilisoma Thessaloniki, kulekule Ugiriki, na tasnifu yangu ilimhusu yeye, swali hilo halikawii. Wengi wameshajaribu. Wamefungua O Thiassos, filamu yake ya mwaka 1975 yenye urefu wa karibu saa nne, wameitazama kwenye simu, usiku, mwili umechoka, na saa moja haijaisha usingizi umewachukua. Asubuhi wanasema mzee huyu ni wa maprofesa. Hilo huniuma. Angelopoulos alitumia zaidi ya miaka 40 kusimulia habari za mtu aliyekwenda ughaibuni akarudi mgeni, za mkimbizi aliyekwama mpakani, za watoto wanaomtafuta baba. Hizo ni habari zinazosimuliwa kila siku kwenye baraza zetu.

Mimi niliingia kwa kulazimika. Msimamizi wangu, mama mmoja mpole wa kuongea lakini hapindi, alinipa sharti: nitazame filamu zake zote kwa mpangilio wa miaka, na nisisome uhakiki wa mtu yeyote mpaka nimalize. Nililalamika moyoni. Kigiriki changu kilikuwa cha kununulia mkate, chumba kilikuwa na baridi kwa sababu wapangaji hatukukubaliana kuchangia mafuta ya kupasha joto jengo, na jioni nilikuwa naosha vyombo kwenye mgahawa ili nilipe pango. Nafungua kompyuta saa sita usiku, mikono inanuka sabuni, namkuta mwanamke wa kijijini anatembea kwenye mawe na mvua inanyesha. Hakuna muziki, hakuna anayeeleza chochote.

Filamu hiyo ni Anaparastasi ya mwaka 1970, ya kwanza yake ndefu, ya rangi nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kwenye vijiji vya mawe vya Epirus, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki, kwa pesa kidogo na kikosi kidogo. Mwanamume anarudi kutoka Ujerumani alikokwenda kufanya kazi. Mkewe na hawara yake wanamuua. Kisha polisi, hakimu na waandishi wa habari wanakuja kutengeneza upya tukio lilivyokuwa, na kadiri wanavyolitengeneza ndivyo lisivyoeleweka. Shoti ya mwisho, yaani kipande cha mwisho cha picha kisichokatwa, inatuweka nje ya nyumba wakati mauaji yanafanyika ndani. Kamera haiingii. Tunaona mlango, uwanja, watoto wanaorudi nyumbani.

Baba yangu alifanya kazi Muscat utoto wangu wote. Aliporudi kabisa, mdogo wangu alimwamkia kama anavyomwamkia mgeni, akakimbilia jikoni kwa mama, na sisi wakubwa tukakaa sebuleni tumeinamisha macho hatujui tuseme nini. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi. Niliposimamisha filamu usiku ule nilikuwa nalia, na sharti la yule mama sikulilalamikia tena.

Baadaye nilielewa ukimya ule ulikotoka. Angelopoulos alizaliwa Athens tarehe 27 Aprili 1935. Desemba 1944 Wajerumani walikuwa wameshaondoka, na mji ukaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe. Baba yake, Spyros, alichukuliwa na watu wa mrengo wa kushoto. Mama akamshika mkono mtoto wake wa miaka 9, wakaenda kumtafuta baba kati ya maiti zilizolazwa uwanjani. Hakuwemo. Baadaye akatokea mtaani, anakuja kwa miguu, mzima. Angelopoulos alisimulia mara nyingi jinsi walivyokaa mezani siku ile mbele ya supu na hakuna aliyeweza kutamka neno. Ukilijua hilo, mwanzo wa Anaparastasi, mtu anayerudi na familia inayokaa mezani naye, hauwi tena mwanzo wa kesi ya mauaji tu. Na ukifuatilia kazi yake yote utamkuta baba huyo kila mahali: anarudi, anakosekana, anatafutwa, anafukuzwa tena.

Watu hupenda kumsimulia kama mtu aliyezaliwa na kipaji akapanda moja kwa moja hadi tamasha la filamu la Cannes. Sivyo. Alisoma sheria akaacha. Akaenda Paris mwaka 1961, akaingia IDHEC, chuo kikubwa cha filamu cha Ufaransa, akafukuzwa baada ya kugombana na mwalimu juu ya shoti ya kamera inayozunguka duara zima. Akajifunza kidogo kwa Jean Rouch, yule wa filamu za maisha ya watu. Mwaka 1964 akarudi kwao, akawa mhakiki wa filamu kwenye gazeti la mrengo wa kushoto, Dimokratiki Allaghi. Filamu aliyoianza mwaka 1965 kuhusu bendi ya vijana, Forminx, haikuisha. Tarehe 21 Aprili 1967 wanajeshi wakapindua serikali, na gazeti likafungwa. Anakaribia miaka 32, hana gazeti, hana filamu ndefu hata moja. Ninawaambia hili wale wanaonipigia simu wakiwa na miaka 24 wanadhani wamechelewa.

Kilichonifaa zaidi kitaaluma ni namna alivyofanya kazi chini ya utawala ule. Filamu ya pili, Meres tou '36, ya mwaka 1972, inahusu mfungwa aliyemteka mbunge ndani ya jela, muda mfupi kabla ya udikteta wa Jenerali Metaxas ulioanza tarehe 4 Agosti 1936. Kuutaja udikteta wa miaka yake hakuweza, kwa hiyo akaujenga ndani ya picha zenyewe: mambo makubwa yanatokea nyuma ya milango, watu wananong'ona, simu zinapigwa husikii kinachosemwa, kamera inasubiri kwenye korido. Unatoka umebanwa kifua bila kuambiwa neno la siasa. Kwa mtu anayeandika skripti mahali ambapo si kila kitu kinasemeka, filamu hiyo ni darasa tosha. Watu huipita haraka wakikimbilia zile maarufu.

Sasa O Thiassos. Hapa ndipo wengi hukwama, na sababu ni historia. Filamu inafuata kundi la waigizaji wanaozunguka miji midogo ya Ugiriki kati ya 1939 na 1952, wakiigiza mchezo mmoja wa mapenzi ya wachungaji, Golfo, ambao hawaumalizi kwa sababu kila wakianza historia inavamia jukwaa. Nilichofanya ni kuandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya meza: Waitaliano wanavamia tarehe 28 Oktoba 1940, Wajerumani wanaingia Aprili 1941, ukombozi Oktoba 1944, polisi wanawapiga risasi waandamanaji Athens tarehe 3 Desemba 1944, vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1946 hadi 1949, Marshali Papagos wa mrengo wa kulia anashinda uchaguzi Novemba 1952. Ongeza jambo moja: wahusika wamebeba mkasa wa Agamemnon, mfalme wa hadithi za Wagiriki wa kale. Baba anasalitiwa, mama ana hawara, mwana aitwaye Orestes yuko msituni na wapiganaji, na Electra anamsubiri. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, saa nne hazichoshi. Bila hiyo unaona makoti na mvua.

Kuna sehemu moja niliitazama mpaka nikaweza kuichora kwa kumbukumbu. Ni mkesha wa mwaka mpya wa 1946, ukumbi wa dansi. Upande mmoja vijana wa kushoto wamekuja na wasichana wao. Upande wa pili wanaume peke yao, wa mrengo wa kulia, wamevaa suti. Wanatupiana nyimbo kama mashairi ya kujibizana, kila upande unachokoza kwa wimbo wake, mpaka bastola inatolewa. Wa kushoto wanaondoka. Wanaume waliobaki wanacheza wao kwa wao, wameshikana viuno. Halafu wanatoka nje, wanashuka barabara alfajiri wakiimba kilevi, kamera inawafuata polepole, na kadiri wanavyotembea hatua zinanyooka, ulevi unageuka gwaride, wimbo unakuwa wa kijeshi. Wanapofika mwisho wa barabara wanaingia kwenye mkutano wa kampeni ya Papagos. Ni mwaka 1952. Hakuna aliyekata picha. Miaka sita imepita kwenye barabara moja, na umeona kwa macho yako jinsi walevi wa juzi walivyokuwa watawala.

Filamu hiyo ilianza kupigwa mapema mwaka 1974, wanajeshi wakiwa bado madarakani. Waliporomoka Julai mwaka huohuo. Hata hivyo serikali ya kiraia iliyofuata haikutaka kuipeleka Cannes kuwakilisha nchi, ikaonyeshwa pembeni, kwenye programu ya waongozaji, na ikachukua tuzo ya wahakiki wa kimataifa. Kuna shoti kama 80 tu ndani yake. Filamu ya kawaida ya urefu wa saa moja na nusu huwa na mamia kadhaa.

Idadi hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Nasikia hata huku nyumbani: tupige shoti moja ndefu kama Angelopoulos, tuokoe muda wa kuhariri na pesa. Mwalimu wetu wa vitendo alitupa zoezi hilohilo: tukio moja, shoti moja, nje, dakika zisizopungua nne. Tulichagua gati la zamani la bandari ya Thessaloniki. Mwanamke anatoka ghalani na sanduku, anapita wavuvi, anafika ukingoni, anageuka na kukuta gati tupu. Kwenye karatasi ilikuwa mistari sita.

Kulaza reli ya kamera kwenye mawe yale kulikula asubuhi nzima, maana mawe hayakai sawa, na kila pingili ilitaka kabari za mbao chini yake, na kigari cha kamera kikipita juu ya kiungio picha inaruka. Mvutaji kigari lazima atembee kwa mwendo wa mwigizaji, si kwa mwendo wake. Anayeshika fokasi anatembea naye amekodoa macho kwenye alama za chaki. Mvuvi wa tatu akichelewa hatua mbili, mnarudi mwanzo wote, na hakuna pa kuficha kosa lake kwa sababu hakuna pa kukata. Kufikia alasiri wingu lilipasuka, jua likatoka, na kila kilichotangulia hakikufaa tena. Mwigizaji wetu, ambaye hatukuwa tunamlipa, alikuwa anatetemeka. Kodi ya reli ilimaliza bajeti ya muhula. Tulirudi siku nyingine na mbinu tofauti: tukafanya mazoezi bila kamera kabisa, tunahesabu kwa sauti hatua za kila mtu, na mmoja wetu akavaa nguo za mvuvi akawa anaongoza wengine ndani ya picha. Ndipo ikatoka. Kwa hiyo shika hili: shoti ndefu ni ghali kuliko shoti kumi fupi. Kama pesa ni ndogo, tumia pesa hiyo kulipa watu waje kwenye mazoezi.

Angelopoulos aliliweza kwa sababu alikaa na watu wake. Giorgos Arvanitis alimshikia kamera tangu Anaparastasi, filamu baada ya filamu, akichanganya reli, kreni na zumu mpaka huoni kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Muziki wa Eleni Karaindrou ulianza mwaka 1984 na Taxidi sta Kythira, na haukumwacha tena. Mwitaliano Tonino Guerra aliandika naye skripti, na ile ya Taxidi sta Kythira, waliyoiandika pamoja na Thanassis Valtinos, ilipata tuzo ya skripti bora Cannes. Mkewe, Phoebe Economopoulou, alisimamia uzalishaji. Watu hao walishajua anasubiri nini: wingu. Alipenda kupiga picha majira ya baridi, kaskazini, mbingu ikiwa ya kijivu, na jua likitoka kikosi kinakaa. Kila siku ya kukaa ililipiwa. Ukitaka kuiga mtindo wake, jenga kwanza kikosi kitakachokubali kukusubiri.

Florina, mji wa kaskazini karibu na mpaka alikopiga filamu, nilikwenda kwa basi kutoka Thessaloniki, safari ya saa mbili na zaidi, na nilidharau baridi. Vaa viatu visivyopitisha maji. Vyangu vilikuwa vya turubai, na siku nzima niliyopanga kutembea nilikaa mkahawani nakausha soksi. Lakini kukaa kule kulinipa wazee. Walikumbuka mwaka Angelopoulos alipokuja kupiga To Meteoro Vima tou Pelargou, filamu ya wakimbizi mpakani iliyotoka 1991. Askofu Augustinos wa Florina aliipinga vikali, kengele zikagongwa, na mwongozaji akatengwa na kanisa. Filamu yenyewe inaanza na maiti za vijana zikielea bahari ya Piraeus, wazamiaji walionyimwa hifadhi wakajitosa. Mtu wa pwani yetu, ambako kila mtaa una mtoto aliyezamia meli, hahitaji maelezo. Na ina harusi ambayo sijaona mfano wake: bi harusi yuko ukingo huu wa mto, bwana harusi ukingo wa pili, mpaka umepita katikati. Padri anawasomea, hakuna anayethubutu kupaza sauti, watu wanapungiana mikono juu ya maji.

Kuhusu tuzo nitakuwa mfupi. Mwaka 1995 To Vlemma tou Odyssea, ambamo mwigizaji Harvey Keitel anazunguka nchi za Balkan zilizo vitani akitafuta mikanda ya kale ya ndugu wa Manaki, wapiga filamu wa mwanzo wa Balkan, ilipata tuzo ya pili kwa ukubwa Cannes, na Angelopoulos aliipokea kwa uso wa mtu aliyeumia, dunia nzima ikitazama. Wakati wa kupiga filamu hiyo mwigizaji Gian Maria Volonté alikuwa amefariki kazini, nafasi yake ikachukuliwa na Erland Josephson. Mwaka 1998 Mia Aioniotita kai mia Mera ikampa Palme d'Or yenyewe, tuzo ya kwanza ya Cannes, akiwa na miaka 63. Nimekutana na watu wanaosimulia uso ule wa 1995 kuliko kazi yake yote. Mimi naona alikuwa amebeba kifo cha mwenzake, vita na majira mengi ya baridi barabarani, na sitamlaumu.

Baada ya tuzo hakupunguza mzigo. Kwa To Livadi pou Dakryzei ya mwaka 2004 alijenga kijiji kizima kwenye ziwa Kerkini, maji yakiwa chini, akasubiri ziwa lijae ili kijiji kizame. Tarehe 24 Januari 2012, akiwa Drapetsona karibu na Piraeus anapiga filamu ya Ugiriki iliyofilisika, alikuwa anavuka barabara jioni pikipiki ikamgonga. Akafariki usiku ule, ana miaka 76. Filamu ilibaki hivyohivyo. Julai 2018 moto mkubwa wa Mati ukateketeza nyumba yake pamoja na kumbukumbu zake. Kama una rafiki msanii mzee huku kwetu, mwombe ruhusa upige picha karatasi zake na uziweke nakala sehemu mbili. Nasema kwa uchungu, maana nilipokuwa nakusanya tasnifu nilijua kuna maswali ambayo karatasi za mtu mwenyewe ndizo zingejibu.

Sasa, uanzie wapi. Mpangilio niliopewa mimi ulifaa kwa tasnifu. Wewe anza na Topio stin Omichli ya mwaka 1988. Ni ya saa mbili tu, na ndugu wawili, Voula na Alexandros, wanapanda treni bila tiketi kwenda Ujerumani kumtafuta baba ambaye hawajawahi kumwona. Tahadhari: Voula anabakwa nyuma ya lori. Kamera inabaki barabarani na magari yanapita, huoni kitu, na ndiyo maana hutasahau. Usiitazame na watoto. Ndani yake utakutana na kundi la waigizaji, wazee sasa, hawana jukwaa, wanauza mavazi yao ufukweni. Hao ni wale wa O Thiassos. Kisha tazama Mia Aioniotita kai mia Mera, mwandishi anayekaribia kufa na mtoto wa Kialbania kwenye basi la usiku la Thessaloniki. Hizo mbili zikikuingia, nenda Anaparastasi, bandika karatasi ya tarehe ukutani, ndipo ufungue O Thiassos. Igawe usiku mbili ukipenda. Skrini iwe kubwa kadiri unavyoweza kuazima, hata projekta ya msikiti au ya shule, kwa sababu watu wake mara nyingi wako mbali na kamera na kwenye simu ni madoa tu.

Na kama una nafasi ya kwenda mwenyewe: tamasha la filamu la Thessaloniki hufanyika Novemba, ukumbi mkuu ni Olympion kwenye uwanja wa Aristotelous, na makumbusho ya sinema yako bandarini, jirani na gati tulikolaza reli. Kibali cha kukaa kikiwa karibu kuisha anza kukishughulikia mapema sana. Changu kilichelewa wiki nyingi na kwa kipindi hicho sikuweza kusafiri wala kufanya kazi halali. Athens nenda Tainiothiki, hifadhi ya filamu ya taifa, mtaa wa Iera Odos. Uliza wafanyakazi lini wanaonyesha mikanda yake. Kigiriki chako kibovu hakitawaudhi. Ukitaja jina la Meres tou '36 badala ya zile maarufu, watakutolea kiti.